Kuendesha pikipiki ya kigari mjini Minneapolis baada ya dhoruba ya theluji

Theluji ikikoma mjini Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, barabara hazibaki za namna moja. Lake Street huwa imekwanguliwa hadi lami inaonekana, mtaa wa ndani unaopakana nayo bado umefunikwa hadi vifundo vya miguu, na pale barabara hizo mbili zinapokutana pamebaki tuta la theluji ngumu lililoachwa na greda. Pikipiki yenye kigari cha ubavuni hupita vizuri kwenye lami, na kwenye theluji hupita vizuri vilevile. Humsumbua dereva inapotoka kwenye kimoja na kuingia kwenye kingine, tena mara nyingi katikati ya kona. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu mipaka hiyo, maana mtu anayezunguka mjini hukutana nayo karibu kila kona.

Nazungumzia pikipiki ambayo kigari chake kimefungwa upande wa kulia, kama ilivyo kawaida Marekani ambako magari hupita kulia. Msomaji aliye Nairobi au Dar es Salaam, ambako kigari hukaa kushoto, ageuze kila ninachosema kuhusu kulia na kushoto. Theluji hatakuwa nayo, lakini matope ya masika yatamfundisha mambo mengi yaleyale.

Mwili ujifunze upya

Niliendesha bodaboda Mwanza kwa miaka minne kabla ya kuhamia huku, na nilipokalia pikipiki ya kigari kwa mara ya kwanza nilidhani uzoefu huo ungenisaidia. Ulinikwamisha. Katika pikipiki ya magurudumu mawili, mwili hulala kuelekea upande wa kona na chombo hufuata. Hii hailali hata kidogo, bali hugeuzwa kwa usukani kama bajaji. Hata mfano wa bajaji hautoshi, kwa sababu bajaji imelingana pande zote mbili, ilhali hapa injini iko kushoto na upande wa kulia kuna mzigo unaoburutwa tu.

Kutokana na hali hiyo, ukiongeza mafuta pikipiki hutangulia na kigari hubaki nyuma kidogo, hivyo chombo chote huvutwa kulia. Ukiachia mafuta ghafla, kigari huendelea na mwendo wake na kuisukuma pikipiki kushoto, yaani upande yanakotoka magari mengine. Kwenye lami kavu mikono huzuia mivuto hiyo bila wewe kufikiri. Kwenye theluji, gurudumu la mbele halina pa kushika, na mvuto uliokuwa ukiuzuia kwa kidole unaweza kukupeleka upande wa pili wa barabara. Hii ndiyo sababu ya kanuni inayotangulia nyingine zote: mafuta yaongezwe polepole na yapunguzwe polepole zaidi.

Katika kona ya kulia, kigari kitupu huwa chepesi na hutaka kunyanyuka. Katika kona ya kushoto, uzito wote hukilalia kigari, pua yake huinama, na gurudumu la nyuma la pikipiki huwa jepesi. Kwa hiyo breki zote zipigwe kabla ya kuingia kona ya kushoto, kamwe zisipigwe ndani yake. Tiba ya kigari chepesi ni uzito. Weka mifuko miwili ya mchanga yenye kilo 20 kila mmoja, uilaze sakafuni mwa kigari karibu na ekseli ya gurudumu lake, kisha uifunge kwa kamba ili isiteleze. Abiria naye ni uzito mzuri, lakini mfuko wa mchanga haulalamiki baridi, na siku ukikwama utaufungua na kuumwaga chini ya tairi.

Wengi wanaoendesha vyombo hivi wakati wa theluji wana Ural, pikipiki ya Kirusi iliyotokana na muundo wa BMW R71 wa miaka ya 1930. Kiwanda chake kilikuwa Irbit, mashariki ya Milima ya Ural, hadi mwaka 2022 kazi ya kuunganisha ilipohamishiwa Kazakhstan. Toleo linaloitwa Gear Up lina injini ya sentimita za ujazo 749, gia ya kurudi nyuma, gurudumu la akiba, na wenzo unaounganisha gurudumu la kigari na injini ili magurudumu mawili yasukume kwa pamoja. Wenzo huo unastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa wageni huutumia vibaya.

Gari la kawaida lina difrensha, ambayo huruhusu gurudumu la nje ya kona kuzunguka haraka kuliko la ndani. Wenzo wa Gear Up hauna difrensha. Ukiufunga, magurudumu mawili yanalazimika kuzunguka kwa kasi moja, na chombo kinataka kwenda moja kwa moja tu. Kwenye theluji hilo halina tatizo, kwa sababu gurudumu moja litateleza kidogo na kona itapatikana. Tena ule mvuto wa kulia hupungua, maana kigari sasa hakiburutwi, kinasukuma. Lakini ukitoka kwenye theluji na kukanyaga lami kavu huku wenzo umefungwa, usukani huwa mzito kama umeshikwa na mtu, na unaweza kuikosa kona yote. Mjini, basi, fungua wenzo kabla hujaifikia barabara iliyokwanguliwa, ukiwa umesimama au ukienda taratibu sana, hata kama itabidi uufunge tena baada ya mitaa miwili. Usipokuwa na wenzo huo, kwa maana ya kuwa na pikipiki ya gurudumu moja la kusukuma, bado unaweza kutembea. Utategemea zaidi matairi na mchanga.

Kabla ya kutoka

Anza na matairi. Meno yawe makubwa na yenye nafasi kati yake, na mpira uwe bado laini, kwani tairi kuukuu hukauka kama ubao wakati wa baridi. Minnesota hairuhusu wakazi wake kutembelea barabarani matairi yaliyopigiliwa vyuma, kwa hiyo usishawishike na picha za watu wa nchi nyingine. Minyororo inaruhusiwa inapohitajika kwa usalama kwenye theluji au barafu, ila pima kwanza nafasi iliyopo kati ya tairi na mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, kwa sababu mnyororo unaogusa chuma utakukwamisha vibaya kuliko theluji yenyewe.

Hewa ipimwe nje, si ndani. Nguvu ya hewa katika tairi hupungua kwa takriban psi 1 kila joto linaposhuka kwa nyuzi 5 hadi 6 za Selsiasi, hivyo tairi lililojazwa ndani ya gereji yenye nyuzi 15 litapoteza kama psi 6 likikaa nje kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Upungufu kidogo hulisaidia tairi kulala vizuri kwenye theluji. Upungufu mkubwa huufanya mpira uhame kwenye rimu.

Mafuta ya injini yawe mepesi kiasi ambacho kitabu cha mtengenezaji kinaruhusu wakati wa baridi, maana mafuta mazito ya kiangazi huwa kama asali na hayafiki juu ya injini kwa haraka. Betri ichajiwe usiku kucha, kwa kuwa baridi huipunguzia uwezo wakati uleule injini inapokuwa nzito kuzungushwa. Ukiwasha, iache injini ipate joto bila kuipigia resi, na muda huo utumie kusogeza kila wenzo na kila kebo kwa mkono, kwani maji yaliyoingia kwenye kebo ya klachi jana leo yameganda, na ni afadhali ulijue hilo ukiwa uani kuliko kwenye taa za barabarani.

Mavazi nitayapitia haraka, isipokuwa kwa jambo moja. Idara ya hali ya hewa ya Marekani hukadiria kwamba joto la nyuzi 18 chini ya sifuri likiambatana na upepo wa kilomita 24 kwa saa huhisiwa na ngozi kama nyuzi 28 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi yaweza kuganda kwa dakika 30. Kilomita 24 kwa saa ni mwendo wa pikipiki inayotambaa mtaani. Upepo unautengeneza mwenyewe. Kwa hiyo vaa sufu ndani badala ya pamba, funga mifuko ya kukinga mikono kwenye usukani, na usiache hata ukanda mdogo wa shingo. Ulinzi wa macho unatakiwa na sheria ya jimbo kwa kila dereva wa pikipiki. Kioo cha helmeti hushika ukungu unapopumua, hivyo funika pua na mdomo kwa kitambaa kinachoelekeza pumzi chini, na ukisimama kwenye taa inua kioo kidogo.

Ndani ya kigari weka koleo fupi, kamba ya kuvutia, glavu za akiba, na chupa ya chai. Mizigo hii ndiyo raha ya kuwa na kigari.

Uwanja mtupu kwanza

Asubuhi baada ya dhoruba tafuta uwanja wa maegesho usio na magari na ambao hauna nguzo wala matuta ya zege yaliyofichwa na theluji, na uombe ruhusa ya mwenyewe. Nusu saa pale itakufaa kuliko maelezo yangu yote.

Nenda gia ya kwanza kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, kisha ongeza mafuta kwa robo ya mzunguko na usifanye chochote kingine. Utahisi kiganja cha kushoto kikivutwa na usukani, kabla ya jicho kuona kwamba pua ya pikipiki imeanza kwenda kulia. Rudia mara kumi hadi mkono uzuie wenyewe. Halafu fanya kinyume: fikisha mwendo uleule na uachie mafuta, uone inavyokwenda kushoto. Baada ya hapo jaribu breki. Katika pikipiki nyingi za aina hii pedali ya mguu hushika gurudumu la nyuma pamoja na la kigari, na hiyo ndiyo breki yako kuu kwenye theluji. Breki ya mbele iguswe kwa vidole viwili tu, kwani gurudumu la mbele lililofungwa haligeuzi kitu. Likifungwa, achia mara moja, lizunguke, uongoze, kisha uguse tena.

Zoezi la mwisho ni kuzunguka. Zunguka kushoto, uone sehemu ya nyuma ikiteleza nje kwa upole. Hapo huwa unatabasamu, na hakuna ubaya. Zunguka kulia kwa mwendo mdogo zaidi. Kisha tafuta kipande ambapo lami imejitokeza, na uvuke kutoka theluji kwenda lami ukiwa umegeuza usukani kulia kidogo sana, kwa mwendo wa kutembea. Matairi yaliyokuwa yakiteleza hushika ghafla, na kigari hujaribu kunyanyuka. Ukihisi kinanyanyuka, nyoosha usukani, punguza mafuta kwa upole, na uegemeze kifua chako juu ya kigari. Mshituko huo mdogo uupate hapo uwanjani, ambapo hakuna basi linalokuja.

Mjini

Ratiba ya jiji ni ramani yako. Minneapolis ikitangaza dharura ya theluji, kazi huenda kwa siku tatu. Siku ya kwanza, kuanzia saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi, hukwanguliwa barabara kuu zilizoteuliwa kwa dharura, ambazo hutambulika kwa vibao vya majina vya rangi ya buluu, na ni marufuku kuegesha upande wowote hadi zikamilike. Siku ya pili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, huja upande wa nyumba zenye namba shufwa katika mitaa mingine, pamoja na pande zote mbili za barabara za bustani. Siku ya tatu, kwa saa hizohizo, huja upande wa namba witiri. Anayeijua ratiba hii anajua pia kwamba asubuhi inayofuata usiku wa kwanza atembee kwenye vibao vya buluu tu, na kwamba siku ya pili mitaa ya ndani itakuwa imekwanguliwa nusu, huku upande wa pili ukiwa na magari yaliyozikwa. Gari lililoegeshwa vibaya huvutwa, na kigari hakisamehewi.

Yapo pia mazingira ya kubaki nyumbani. Desemba 2010 ziliangukia mji huu sentimita zipatazo 43 za theluji, na tarehe 12 ya mwezi huo paa la uwanja wa Metrodome lilipasuka kwa uzito wake. Kipimo changu ni rahisi: simama karibu na kigari, utazame theluji inafika wapi. Ikigusa chini ya fremu, chombo hakitakanyaga theluji bali kitaipanda, na magurudumu yataning'inia.

Mtaa ambao haujakwanguliwa huwa na mifereji miwili iliyochimbwa na matairi ya magari. Pikipiki ya kigari ni nyembamba kuliko gari, hivyo haiwezi kuweka magurudumu yake kwenye mifereji yote miwili. Mimi huweka pikipiki kwenye mfereji wa kushoto na kuacha gurudumu la kigari likate theluji ya katikati. Litaburuta na kukuvuta kulia muda wote, lakini mvuto usiobadilika huzoeleka, na gurudumu la kuongozea limekaa mahali pazuri. Ukifanya kinyume, yaani kigari kwenye mfereji wa kulia na pikipiki juu ya mgongo wa katikati, gurudumu la mbele litateleza kushoto na kulia bila kukuarifu. Utakapotaka kutoka mferejini, usiteleze nje kwa pembe ndogo. Punguza mwendo kabisa, geuza vya kutosha, kisha toka kwa mara moja.

Tuta la greda kwenye makutano livukwe kwa pembe iliyonyooka kadiri nafasi inavyoruhusu. Ukilivuka kwa mshazari, kigari hupanda kwanza peke yake au hubaki nyuma peke yake, na vyote viwili huipindua njia yako. Lipitie polepole lakini kwa mafuta yasiyokatika, maana ukiachia mafuta juu ya tuta utabaki umelala kwa tumbo huku madereva nyuma yako wakisubiri. Nakumbuka tuta moja karibu na Cedar-Riverside ambalo juu lilionekana laini na ndani lilikuwa limeganda kuwa tofali. Mzee mmoja wa Kisomali alitoka dukani na koleo bila kuniuliza kitu, akachimba upande wake, nami nikachimba wangu.

Reli za treni za mjini huhitaji adabu ileile. Kwenye 5th Street katikati ya mji, na katikati ya University Avenue katika mji jirani wa Saint Paul, chuma kilicholowa theluji iliyoyeyuka kina utelezi mkubwa, na una magurudumu matatu yatakayoukanyaga kwa nyakati tofauti. Vuka ukiwa umenyooka, bila breki, bila kuongeza mafuta.

Madaraja huganda kabla ya barabara, kwa kuwa hewa baridi hupita chini yake pia. Daraja la Hennepin Avenue juu ya Mississippi laweza kuwa na barafu nyembamba inayoonekana kama lami iliyolowa tu, wakati barabara uliyotoka ni kavu. Usiitegemee chumvi kupita kiasi, kwani chumvi ya kawaida ya barabarani hupoteza nguvu kubwa joto linapokuwa chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, na hapa siku za namna hiyo mara nyingi huja mara tu baada ya dhoruba, mawingu yanapoondoka. Alama nzuri ni matairi ya gari lililo mbele yako: yakirusha maji, barabara imelowa, yakiacha kurusha huku lami bado inang'aa, umefika kwenye barafu. Acha nafasi kubwa mbele, na kwenye taa simama mapema ukiwa umenyooka. Magurudumu matatu yanakupa neema ya kutoshusha mguu.

Ukikwama, usizungushe gurudumu kwa nguvu, maana litachimba shimo na kuling'arisha. Zima haraka yako, chimba theluji iliyo chini ya fremu na chini ya kigari, kwani hiyo ndiyo iliyokubeba, mwaga mchanga mbele na nyuma ya gurudumu la kusukuma, kisha rudi nyuma kwanza. Nyuma kuna njia uliyokwisha kuikanyaga.

Ukirudi nyumbani

Usivute breki ya kuegeshea. Pedi zilizolowa huganda kwenye diski na kebo huganda ndani ya mfuko wake, na kesho hutaweza kusogea. Iache pikipiki kwenye gia ya kwanza. Chumvi ioshwe siku ileile ikiwa joto linaruhusu maji kutiririka, kwa maji ya uvuguvugu yasiyo na nguvu kubwa, hasa kwenye spoku, viungo vya kigari na sehemu za nyaya. Mtu wa pwani aliyeona baiskeli ikiliwa na upepo wa bahari hahitaji kuelezwa, ila huku chumvi huimaliza kazi hiyo kwa miezi michache tu. Viungo vya umeme vipakwe grisi yake maalumu mwanzoni mwa msimu, na boliti zinazoshika kigari zikaguliwe kwa spana kila wiki, kwani matuta ya greda huzilegeza polepole. Baridi ikizidi, toa betri uingie nayo ndani, na utoe pia ile mifuko ya mchanga kama imelowa: mchanga ulioganda huwa jiwe, na siku utakayouhitaji hautamwagika.